Mjomba, nataka baiskeli ya gia



Malipo ya korosho yakishaingia na majina ya kidato cha kwanza yakishabandikwa, simu yangu haipumziki. Huku kwetu Masasi na Newala, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba bado ni mjomba. Mtoto wa dada akifaulu, ukoo mzima unakugeuzia macho. Mwaka huu dada yangu wa Chiwata alinipigia usiku. Akaanza na hali ya nyumbani, akaenda kwenye mvua, mihogo, bei ya sukari, mpaka nikajua kuna jambo liko njiani.

"Kaka, mpwa wako amepangiwa shule ya kutwa. Kwa miguu ni mbali. Anataka baiskeli. Hebu ongea naye mwenyewe."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Hongera sana."

"Asante mjomba. Nataka baiskeli ya gia. Ile ya springi mbili, mbele na nyuma."

Nikanyamaza. Simu ikarudi kwa mama yake, naye hakuzunguka. "Kaka, umesikia? Mimi nasema kama ni ile ya kaka yake, bora atembee."

Wengi wenu mko kwenye hali hiyo hiyo mwezi huu. Fedha ipo kidogo, mtoto anajua anachokitaka, na wewe hujui cha kuangalia zaidi ya bei. Kwa hiyo leo nitasema habari za fremu, yale mabomba yanayobaki ukishaondoa magurudumu, kiti na usukani. Kiti kikichanika unabadilisha. Rimu ikipinda unabadilisha. Fremu ikikatika mtoto yuko mteremkoni, hapo hakuna cha kubadilisha.

Najua kwa sababu mimi ndiye niliyenunua ile ya kaka yake.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, mtumba, nyekundu, gia 21, springi mbele, springi nyuma. Nilikaa na muuzaji karibu nusu saa tukivutana bei. Fremu yenyewe sikuiangalia hata dakika moja. Kijana alifurahi kiasi cha kulala nayo chumbani. Baada ya miezi michache springi ya mbele ikafa, ikawa inazama na hairudi. Fundi wa kijijini akampatia foki nyingine, ndefu zaidi, iliyotoka kwenye baiskeli nyingine kabisa. Ikaingia, ikakaza, mbele kukawa kumeinuka kama pikipiki. Nilipoiona nilimsifu fundi.

Siku moja jioni kijana anateremka kutoka shambani, shingo ya fremu ikaachana na mabomba. Gurudumu la mbele likaenda na usukani wake, yeye akaenda na kiti. Mtulinga ulivunjika, na meno mawili ya mbele hayapo mpaka leo. Namshukuru Mungu haikuwa zaidi ya hapo, maana pale chini pana mawe.

Vipande nilivichukua nikampelekea fundi mmoja mzee wa mjini Masasi. Sikuwa nataka vichomelewe, nilitaka tu kuelewa. Alivigeuza juani, akanionyesha mahali chuma kilipoachana. Nusu ya mpasuko ilikuwa nyeusi, imeshiba vumbi na mafuta. Nusu ya pili ilikuwa inang'aa kama kijiko kipya. "Hii inayong'aa ndiyo ya siku ile," akasema. "Hii nyeusi ni ya zamani. Baiskeli hii ilianza kuvunjika wiki nyingi kabla, bwana. Ilikuwa inawaambia."

Maneno hayo yalinikaa. Ufa ulikuwepo, unaonekana kwa macho, chini ya shingo, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinama kupaangalia.

Sasa tuseme ukweli kuhusu wanachofanya hawa vijana. Mzazi anafikiri ananunua baiskeli ya shule. Ukweli ni kwamba Chiwata imekaa pembeni mwa uwanda wa Makonde, na kwenda karibu popote ni ama kupanda ama kuteremka. Njia zenyewe nyingi ni za miguu, na zimekuwa hivyo siku zote. Novemba 1917, vikosi vya Wajerumani vya Lettow-Vorbeck vilipoondoka Chiwata kwenda upande wa Newala na kuvuka Ruvuma, mizigo yao ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Leo njia za namna hiyo hiyo, zenye mizizi, mawe na mchanga, mtoto wa miaka kumi na minne anazishuka kwa baiskeli akiwa na daftari mgongoni. Akikuta kituta anaruka. Akikuta ukingo wa mtaro anaruka. Septemba 2025 walitazama kwenye simu mashindano ya dunia ya Kigali, ya kwanza kufanyika Afrika. Yalikuwa ya barabara ya lami, lakini kijana haangalii lami, anaangalia mwendo.

Wenye viwanda wana majina ya uendeshaji huu. Kupanda na kushuka mlima siku nzima kwa nguvu zako mwenyewe, juu ya mawe na mizizi, wanakuita ol-maunteni. Kutafuta makusudi mahali pa kuruka wanakuita friraidi. Wapwa zangu hawajui majina hayo, ila wanafanya yote mawili kabla ya saa mbili asubuhi.

Mchezo wenyewe ulianza na baiskeli zilizofanana na za babu zetu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1976, huko California nchini Marekani, vijana walianza kushindana kuteremka barabara ya vumbi karibu na mlima Tamalpais. Walitumia baiskeli kuukuu za chuma, nyingi zilizotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, nzito, breki yake ikiwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kwa joto la breki grisi ya ndani ya habu ilikuwa inaungua yote, na baada ya kila mteremko ilibidi wafungue na kupaka upya. Fremu zilipochoka, baadhi yao wakaanza kuchomelea za kwao. Joe Breeze alitengeneza za kwanza mwaka 1977, na mwenzake mmoja, Tom Ritchey, akafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Huyu Ritchey namtaja kwa sababu alikuja kwetu, Afrika Mashariki. Alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wa kahawa wanavyosukuma magunia milimani, akawachorea baiskeli ya mizigo. Ilikuwa na gia na ilirefushwa nyuma. Haikuwa na springi. Mtu aliyekuwepo mchezo ulipozaliwa, alipoulizwa milima ya Afrika na mizigo yake, alichora fremu ya kawaida ya chuma, imara, isiyo na kiungo cha kucheza nyuma.

Hilo ndilo nililomjibu mpwa wangu kuhusu springi mbili, ingawa kwa maneno machache zaidi.

Sisemi springi ya nyuma ni mbaya. Fremu nzuri ya springi mbili, iliyochorwa vizuri, inameza mawe na kuacha gurudumu likishika ardhi. Lakini fremu hiyo huko inakotengenezwa bei yake ni ya pikipiki, na zaidi. Kinachotufikia sisi kwa bei ya magunia machache ya korosho ni sura yake tu. Mabomba ni mazito na laini, springi inaruka kama godoro, na viungo vya katikati vinazungukia bushi ndogo za plastiki. Mchanga wa uwanda wetu ukiingia humo, msimu mmoja bushi zimeliwa, na nyuma kunaanza kutikisika kushoto na kulia wakati mtoto anakata kona. Bushi hizo hakuna duka Masasi wala Newala nililozikuta. Halafu kupanda: kila mtoto anapokanyaga, sehemu ya nguvu inakwenda kubonyeza springi. Wengi huishia kusukuma.

Kuna jingine ambalo vijana hawalifikirii na mama zao hulifikiria kwanza. Baiskeli ya springi ya nyuma haipokei keria ya maana. Nyumbani kwa dada yangu baiskeli si ya mtu mmoja. Tangu enzi, uwanda wa Makonde maji ni shida, mradi mkubwa ukajengwa tangu wakati wa mkoloni, na bado kuna siku bomba halitoi. Dumu moja la lita 20 ni kilo 20. Madumu matatu ni kilo 60, na hapo mwendeshaji mwenyewe hajapanda. Mzigo huo unahitaji nyuma isiyocheza, na matundu ya kufungia keria karibu na ekseli. Kama matundu hayo hayapo kwenye fremu, iache, hata kama mwenye duka anasema fundi atafunga kwa waya.

Kwa hiyo springi ya nyuma tuliiondoa kwenye mazungumzo. Ya mbele nilisema tutaona.

Sasa tuingie kwenye kuchagua. Chukua sumaku. Spika ya redio iliyokufa ina sumaku nzuri tu. Igusishe kwenye mabomba ya fremu, si kwenye nati wala mnyororo. Ikinata ni chuma. Isiponata ni alumini, au kitu kingine cha bei usichotarajia kukikuta sokoni kwetu. Muuzaji atakuambia alumini ni bora kwa sababu ni nyepesi na haishiki kutu. Ni kweli ni nyepesi, na ikiwa mpya na ya kiwanda kizuri ni fremu safi. Shida yake ni mbili. Alumini huchoka kimya kimya: kila tuta inalikumbuka, na siku yake ikifika inaachana bila kupinda kwanza. Pili, nguvu ya alumini ya baiskeli imetokana na kupashwa moto kwa vipimo kiwandani. Ukiichomelea upya bila kuirudishia matibabu hayo, pembeni mwa mshono inabaki laini. Fundi wa kijijini akikuambia anaweza kuchomelea alumini, mshukuru na uondoke.

Chuma kina kilo zaidi, na kutu lazima ukipiganie kwa mafuta na rangi. Lakini chuma kwa kawaida hupinda au kupasuka polepole kabla ya kukatika, kwa hiyo kinakupa nafasi ya kuona. Na fundi mwenye gesi na shaba anaweza kukiunga bomba likashika. Mchomeleaji wa mageti mwenye mashine ya umeme, hapana. Mabomba ya baiskeli ni membamba, huyatoboa. Kwa mtoto wa Chiwata, mimi nimechagua chuma, na atakayenicheka kwa uzito aje apande na fremu ya alumini iliyokatika.

Hapa watauliza wazee: basi si tuwape Phoenix au Swala yetu ya zamani? Hizo fremu ni za chuma, shingo yake imelala, na kwa barabara ndefu yenye mzigo hazina mpinzani. Baba yangu alilea watoto kwa Phoenix. Ila kwa mteremko wa mawe zina makosa mawili. Fremu yake ni ndefu ya juu, inchi 22 au 24, na mtoto akiteleza hana pa kuweka miguu. Na zile breki zake za vyuma zinazovuta rimu kwa ndani, rimu ikilowa, unabana unaomba.

Kimo ndicho wazazi tunakosea zaidi, tena kwa nia njema. Tunanunua kubwa ili "aikulie", kama sare ya shule. Sare kubwa inakunjwa. Fremu kubwa haikunjwi. Msimamishe mtoto, bomba la juu likiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote chini. Kwa njia tambarare nafasi ya vidole vitatu inatosha. Kwa milima na kuruka nataka angalau upana wa kiganja kizima, maana siku atakayoshuka ghafla hatashuka kwa adabu. Ukubwa wa fremu hupimwa kutoka katikati ya klenki hadi juu ya bomba la kiti. Mtoto wa sentimita 160 hivi, inchi 15 au 16 zinamfaa. Akifika 170, inchi 17 au 18. Kama yuko katikati ya vipimo viwili na anapenda kuruka, chukua ndogo, kiti kitapandishwa. Lakini kupandisha kiti nako kuna mpaka: bomba la kiti lina mstari uliochorwa, na mstari huo usionekane nje. Kiti kikining'inia juu kwa sentimita chache tu za bomba ndani, fremu inapasuka hapo juu.

Mabinti msiwasahau. Ile fremu iliyokatwa bomba la juu, ya kupandia na sketi, ni nzuri sokoni na kanisani. Kwa mteremko haina uti wa mgongo. Binti anayekwenda shule ile ile kwa njia ile ile apewe fremu ile ile, avae suruali ya michezo ndani.

Tukirudi kwenye shingo. Hapa ndipo nawaomba mkae kidogo, maana hapa ndipo mpwa wangu alipoangukia. Kila jiwe gurudumu la mbele linaligonga, foki inafanya kazi kama mtaimbo: inachokonoa shingo, na shingo inachokonoa mabomba mawili yanayoishikilia. Kadiri foki inavyokuwa ndefu, ndivyo mtaimbo unavyokuwa mrefu. Fremu iliyotengenezwa kwa foki fupi ukiiwekea ndefu, umeipa mzigo ambao haikupimiwa. Hilo ndilo tulilofanya sisi, na nikamsifu fundi. Foki ikifa, tafuta yenye urefu ule ule, hata kama ni ya kawaida isiyo na springi. Pima kutoka ekseli hadi pale shingo inapokaa, kwa tepu ya fundi cherehani.

Kwenye fremu ya mtumba, futa shingo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Halafu pitisha kidole chini ya bomba la chini, nyuma tu ya shingo, kisha chini ya bomba la juu mahali hapo hapo. Baiskeli iliyowahi kugonga ukuta au gari huacha alama hapo: kakunjo kadogo, kauvimbe, rangi iliyokunjamana. Macho hayaoni, kidole kinasikia. Mstari mwembamba wa kutu unaopita kwenye rangi pembeni mwa mshono usiuite mkwaruzo. Fanya hivyo hivyo pale klenki inapopita, juu ya bomba la kiti, na kwenye vyuma viwili vya nyuma karibu na ekseli.

Kisha uzi. Funga uzi kwenye fremu pale ekseli ya nyuma inapoingia, upeleke mbele, uzungushe shingo, urudishe hadi upande wa pili. Sasa pima kutoka bomba la kiti hadi uzi, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikipishana zaidi ya milimita tatu, baiskeli hiyo imeshawahi kulala chini ya kitu kizito, na itakuwa inavuta upande mmoja kila inaposhuka. Dada yangu, ambaye ni mshonaji, alilielewa hili haraka kuliko mimi.

Shingo ina jambo la pili: ulalo wake. Shingo iliyosimama wima hugeuka upesi, inafurahisha njia tambarare, ila kwenye mteremko mkali inaogopesha. Iliyolala huenda mbele kwa utulivu. Fremu za kisasa za kushukia milima zimelazwa hadi digrii 64 au 66. Mitumba yetu mingi ya magurudumu ya inchi 26 ina 70 au 71. Huwezi kubadilisha hilo, na usimruhusu mtu ajaribu kwa foki ndefu, tumeshaona. Unachoweza ni kumfundisha mtoto ateremshe kiti kabla ya mteremko, asimame juu ya pedeli, makalio nyuma. Nati ya kubana kwa mkono, isiyohitaji spana, inafaa kuliko gia tatu za ziada.

Angalia pia nafasi ya tairi la nyuma kati ya vyuma. Kwa mchanga wetu nataka tairi pana, inchi 2.1 au zaidi, na bado kidole kipite kila upande. Na angalia kama fremu ina vishikio vya breki ya kubana rimu. Breki ya diski ya waya si mbaya. Ile ya mafuta ikivuja Chiwata, utamtafuta fundi mpaka Dar es Salaam.

Mwisho kuna stika, kitu nilichokipuuza mara ya kwanza. Baiskeli nyingi za bei nafuu zenye sura ya mlimani zina karatasi ndogo kwenye bomba, maandishi ya Kiingereza madogo, inayosema hii isitumike kwenye njia mbaya wala kurukia. Sura ni ya mlima, maandishi ni ya barabara! Nyingine zina namba ya daraja. Kwa mfumo wanaoutumia Wamarekani, daraja la 2 ni barabara ya changarawe na kushuka ukingo wa sentimita 15 tu. Daraja la 3 ni njia mbaya na kuruka kusikozidi sentimita 61. La 4 ni hadi 122, na hiyo ndiyo ol-maunteni yenyewe. Ukiikuta stika isome, au mpe mwalimu akusomee. Usipoikuta kwenye mtumba, hesabu kwamba umri umeshakula daraja moja.

Tulikwenda kununua Jumamosi, watu wanne: mimi, dada yangu, mpwa mdogo, na kaka yake mwenye meno pungufu, ambaye nilimwita makusudi. Mdogo alikwenda moja kwa moja kwenye ya bluu yenye springi mbili. Sikusema kitu. Kaka yake alichuchumaa, akapitisha kidole chini ya bomba, akatikisa nyuma ikacheza kama jino bovu. "Njoo ushike hapa," akamwambia. Mdogo akashika. Akaiacha mwenyewe.

Ya pili ilikuwa ya chuma, sumaku ikanata, keria ikawa na matundu yake, na mimi nikaanza kutoa fedha. Kijana mkubwa akasema, "Mjomba, subiri." Pembeni mwa mshono wa shingo, chini, palikuwa na mstari wa kutu wa urefu wa ukucha. Muuzaji akasema ni mkwaruzo wa kusafirishia. Tukamwomba kitambaa na mafuta ya taa. Mstari haukutoka, ulizidi kuonekana. Muuzaji mwenyewe aliinama akaangalia kwa muda, kisha akaitoa mstarini na kuiegemeza ukutani. Nilimheshimu kwa hilo.

Tuliyonunua ni ya kijani iliyopauka, inchi 16, chuma, foki ya kawaida isiyo na springi, mabomba yote masafi, uzi ukapishana milimita moja. Bei ilikuwa chini ya ile ya bluu, na kilichobaki kilinunua tairi mbili pana, keria, na raba mpya za breki. Mpwa mdogo hakuficha kwamba haimvutii. Njiani kurudi alikuwa kimya, mama yake akaniangalia, nikamwambia mwache.

Tulikubaliana mambo matatu, akayaandika mwenyewe nyuma ya daftari. Kuruka kusizidi goti lake. Akibeba maji asiteremke, asukume. Na kila Jumapili asubuhi anafuta shingo kwa kitambaa na kupitisha kidole, kaka yake akiwa amesimama pale.

Juzi Jumapili dada alinipigia. Walikuwa uani wote wawili, baiskeli imepinduliwa miguu juu, wanabishana kama kakunjo kwenye rangi ni kapya au kalikuwepo tangu dukani. Nilipiga picha siku tuliyonunua, nikawatumia. Kalikuwepo.